Kabla ya Kuilaumu Shafti

Shafti ya gari dogo la porini ikikatika, hukumu hutolewa papo hapo: chuma kilikuwa dhaifu, itafutwe nyingine iliyo nene na ngumu zaidi. Ni hukumu ya haraka, na mara nyingi si ya haki. Shafti nyingi hukatika kwa makosa ya sehemu nyingine za gari, hasa springi, shokapu na bushi, pamoja na mkono wa mwenyewe aliyelipakia kupita kiasi. Kwa hiyo anayetaka kulitia gari nguvu aanze na vile vinavyolishikilia gurudumu chini, ndipo afikirie kile kinacholizungusha. Anayeupindua mpangilio huo hutoa pesa nyingi, na mara nyingi anachonunua ni kuuhamisha ubovu kutoka sehemu moja ya gari hadi nyingine.

Jambo hili lina uzito wake Luano. Eneo hilo la kaskazini-mashariki mwa Lubumbashi linajulikana zaidi kwa uwanja wa ndege wa jiji, lakini lami inayowafikisha wasafiri uwanjani haienei pembeni. Ukiiacha, unakutana na udongo mwekundu wa Haut-Katanga na tabia zake mbili. Kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili mvua hunyesha, nazo kwa mwaka hufikia milimita 1,200 hivi. Udongo unateleza na maji yanachimba mifereji katikati ya njia. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna tone, udongo unakauka na kuwa vumbi juu ya tabaka gumu, na njia inajaa makunyanzi ya mfululizo yanayotikisa kila msumari wa gari. Ongeza mizizi na visiki vya miti ya miombo, na vichuguu vikubwa ambavyo dereva hulazimika kuvizunguka. Huko ndiko mahindi, makaa na watu vinakopita kila siku, na safari ya Kasenga, kwenye mto Luapula, ni ya kilomita 200 hivi. Magari yanayofanya kazi hiyo mengi ni ya mitumba. Yametoka Japani, yakashushwa Dar es Salaam, yakapita Tunduma na Kasumbalesa mwendo wa karibu kilomita 2,000, na mengi usukani wake uko kulia ingawa Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Gari la namna hiyo hufika na miaka yake mgongoni, na cha kwanza kuzeeka ndani yake ni mpira na mafuta ya shokapu, kabla ya chuma.

Tuchukue mfano wa gari dogo la porini linalojulikana kuliko yote, Suzuki. Jimny ya kwanza ilitoka mwaka 1970. Samurai iliyofuata katika miaka ya 1980 ilibebwa na springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mwaka 1995 kampuni ikaanza kuhamia springi za duara, nayo Jimny ya mwaka 2018 ikabaki na mtindo huo. Kitu kimoja hakikubadilika: ekseli ngumu mbele na nyuma, yaani bomba moja la chuma linalounganisha magurudumu mawili, difu ikiwa ndani yake, na shafti moja kila upande ikipeleka mzunguko kutoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu. Shafti ya nyuma ya gari hili ina kazi mbili kwa pamoja. Inazungusha gurudumu, na ncha yake ya nje inabeba uzito wa gari. Ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu lenyewe linaweza kuchomoka. Kwenye pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo makampuni ya migodi ya Katanga huzitegemea, uzito wa nyuma hubebwa na beringi zilizo juu ya bomba la ekseli, na shafti inabaki na kazi ya kusokota tu. Tofauti hiyo ndiyo sababu gari dogo halivumilii mzigo kama kubwa, hata likifungwa shafti ya chuma bora namna gani.

Hesabu kidogo itaonyesha shafti inakabiliwa na nini. Injini ya Jimny ya 2018 yenye lita 1.5 hutoa nguvu ya kusokota ya nyutoni mita 130. Katika gia ya kwanza nguvu hiyo huzidishwa mara 4.425, katika gia ya chini ya magurudumu manne mara 2.002, na kwenye difu mara 4.09. Jumla inazidi nyutoni mita 4,700. Zikigawanywa sawa kwa magurudumu manne, kila shafti ingepata karibu 1,180. Lakini shafti haipokei chochote ambacho tairi haliwezi kukikabidhi kwa ardhi. Gurudumu lililobebeshwa kilo 350, juu ya udongo mkavu wenye mshiko mzuri, huanza kuteleza nguvu ikifikia nyutoni mita 950 hivi. Kwenye tope la Januari huteleza hata kabla ya 400. Tairi linaloteleza ndilo fyuzi ya shafti. Sasa pakia gari hilo kupita kiasi, lielekeze mlimani ili uzito ukae nyuma, na gurudumu moja libebe kilo 600: kwenye udongo mkavu fyuzi haitakatika mpaka nguvu izidi 1,600. Shafti ni ile ile, injini ni ile ile. Kilichoongezeka ni mzigo. Na kinyume na wanavyodhani wengi, tope lenyewe haliui shafti. Kinachoiua ni mshiko unaopatikana ghafla baada ya tope.

Hapo ndipo springi na shokapu zinapoingia kwenye kesi. Gurudumu linaloning'inia hewani likiwa na moto wa injini huzunguka kwa kasi bila kazi. Linapotua juu ya jiwe au mzizi, kasi yote hiyo husimamishwa kwa mara moja, na pigo hupitia kwenye shafti kabla tairi halijapata nafasi ya kuteleza. Pigo la namna hii linaweza kuzidi kwa mbali nguvu ambayo injini peke yake ingeisukuma. Ni nini hulirusha gurudumu hewani? Ni springi ngumu mno kwa gari tupu, zinazoruka badala ya kushuka shimoni. Ni shokapu zilizokwisha mafuta, ambazo mafundi wa Lubumbashi huziita amortiseri, zisizoweza tena kuutuliza mruko. Ni bushi zilizochakaa zinazoiacha ekseli ijipinde mbele na nyuma kila dereva akanyagapo mafuta. Mtu akiona gurudumu la nyuma linadundadunda wakati gari linapanda kilima, anaitazama shafti ikipigwa nyundo. Akibadili shafti peke yake, nyundo inabaki palepale.

Makunyanzi ya kiangazi yanafanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio ya gurudumu linaloviringishwa juu ya mchanga, wakaonyesha kwamba makunyanzi hujitengeneza yenyewe mwendo ukipita kiwango fulani, hata gurudumu likiwa halina springi. Maana yake ni kwamba katika barabara ya udongo inayopitwa na magari mengi, makunyanzi hayakwepeki, na gari la huko lazima liwe na njia ya kuyamudu. Kazi hiyo ni ya shokapu. Kila mtikisiko ndani yake hugeuzwa kuwa joto, na shokapu ndogo ya bei rahisi ikitikiswa saa nzima bila kupumzika hupata moto, mafuta yake yanaingia povu, na nguvu ya kuzuia inapotea. Dereva huhisi gari limekuwa jepesi na linaelea, akadhani amepata mwendo mzuri. Kumbe magurudumu yanagusa vilele tu vya makunyanzi, na kila mguso ni pigo dogo kwa shafti na jointi zake.

Na mapigo madogo yana hesabu yake. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyotoka Versailles kwenda Paris iliacha reli baada ya ekseli ya kichwa chake kukatika, na watu wasiopungua 50 walikufa. Ajali za namna hiyo ziliwasumbua wahandisi wa karne hiyo, kwa kuwa ekseli zilizokatika zilikuwa zimebeba uzito ule ule kwa miaka bila tatizo. Mjerumani August Wöhler, aliyefanya kazi kwenye reli za Prussia, ndiye aliyelipatia jambo hilo vipimo katika miaka ya 1850 na 1860: chuma kinaweza kukatwa na nguvu ndogo, ambayo kwa mara moja kisingeihisi, ikiwa nguvu hiyo itarudiwa mara nyingi vya kutosha. Ufa huanza mahali penye kona kali, mkwaruzo au kutu, ukatambaa polepole, mpaka siku chuma kilichobaki hakitoshi. Kwenye shafti ya gari mahali hapo ni penye meno yanayoingia kwenye difu, au pale unene unapobadilika karibu na beringi. Ndiyo maana shafti hukatika siku dereva anapotoka kanisani kwa mwendo wa taratibu, naye akaapa kwamba hakufanya kosa lolote. Kweli, siku ile hakufanya. Alifanya miezi mingi nyuma.

Basi kuboresha springi na shokapu kufanyweje? Kwanza ni kuujua mzigo. Jimny tupu ina kilo 1,100 hivi, na kiwanda kinaruhusu gari na vyote vilivyomo vifike kilo 1,435. Tofauti yake ni watu wazima wanne na begi zao, basi. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na Katanga inawafahamu Wanyamwezi tangu Msiri alipotoka Unyamwezi karne ya 19 akajenga utawala wake Bunkeya. Lakini gari hili halikuzaliwa Unyamwezi. Mwenye gari anayebeba kilo 150 za ziada kila siku anahitaji springi za nyuma zilizo ngumu kidogo kuliko za kiwandani. Anayebeba mzigo mara moja kwa mwezi hazihitaji, maana siku nyingine zote atakuwa anaendesha gari linalodunda. Mazoea ya kuongeza bamba moja au mawili kwenye springi za Samurai huinua mkia wa gari na kumridhisha mteja machoni, lakini shokapu ya zamani haikupimwa kwa ugumu huo mpya. Springi na shokapu hubadilishwa pamoja. Kwa njia ndefu za vumbi, shokapu yenye mafuta mengi zaidi na gesi iliyoshindiliwa hustahimili joto kuliko ile nyembamba ya kiwandani. Bushi zote za ekseli hubadilishwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ndizo rahisi kuliko vyote, na ndizo zinazosahaulika.

Kuinua gari ni mjadala wa peke yake. Sentimita nne au tano husaidia tumbo lisigonge kisiki, na magari mengi ya aina hii huvumilia kiasi hicho bila vurugu kubwa. Zaidi ya hapo kila kilichofungwa kwenye ekseli kinadai fidia: propela shafti inafanya kazi kwa pembe kali na kutetemesha gari, mipira ya breki inavutika, usukani unapoteza tabia ya kurudi wenyewe katikati, na ekseli inasogezwa pembeni na fimbo inayoishikilia. Matairi makubwa, ambayo mara nyingi ndiyo sababu halisi ya kuinua, yanaongeza deni. Kutoka tairi la kiwandani la 195/80R15 hadi 235/75R15 kipimo cha kimo huongezeka kwa karibu asilimia 6, na nguvu inayofika kwenye shafti kabla tairi halijateleza huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Juu yake kuna uzito wa tairi lenyewe, ambao springi na shokapu hulazimika kuutuliza katika kila shimo, na ambao breki hulazimika kuusimamisha.

Wapo watakaosema: hayo ni ya vitabu, barabara zetu si za Japani, na shafti iliyopimwa kwa barabara ya Hamamatsu, yaliko makao makuu ya Suzuki, haiwezi kufaa Luano. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Barabara ni mbaya zaidi, na mapigo ni mengi zaidi. Lakini gari hili halikubuniwa kwa lami. Tangu 1970 linauzwa kwa watu wa misitu, mashamba na theluji, na kama hesabu ya hapo juu inavyoonyesha, kiwango cha nguvu kinachoifikia shafti huamuliwa na uzito na mshiko wa tairi kuliko jina la nchi. Kilichobadilika kati ya Japani na Luano ni umri wa mpira, mafuta ya shokapu na mzigo. Hivyo vitatu mwenye gari anaweza kuvirekebisha kwa fundi wa mtaani.

Wengine watasema shafti ngumu ni bima tu, haina madhara. Watatoa mfano wa Rhino Charge ya Kenya, mashindano yanayofanyika tangu 1989 kuchangia uhifadhi wa misitu, ambamo magari hupewa saa 10 kupita vituo 13 porini kwa umbali mfupi kadiri iwezekanavyo, na ambamo ekseli zilizoimarishwa ni jambo la kawaida. Mfano ni mzuri, ila unathibitisha kinyume. Magari yale yamefungwa difu zinazokaza magurudumu mawili yazunguke pamoja, na difu ikikazwa, gurudumu moja likiwa hewani, nguvu yote ya ekseli humwagikia shafti moja. Matairi yao ni makubwa, hupanda mawe, na baada ya siku moja mafundi huyangojea. Hapo shafti ya chuma cha kromi, nikeli na molibdenamu ina sababu ya kuwepo. Gari linalobeba walimu na mahindi halina hata moja kati ya hayo. Isitoshe, katika mnyororo wa gia boksi, propela, difu na shafti, lazima kiwepo cha kukatika kwanza. Shafti hutolewa kwa kufungua gurudumu na breki, kazi ya nusu siku. Ikiwa ngumu kupita vyote, pigo litatafuta meno ya difu, na difu iliyovunjika njiani kabla ya Kasenga humlaza mtu huko.

Kwa hiyo sikatai shafti bora. Nasema zina wenyewe. Mwenye kufunga difu ya kukaza, mwenye matairi makubwa ya kudumu, mwenye kazi ya kila siku kwenye mawe, huyo azitafute, na azinunue jozi. Faida iko zaidi kwenye unene kuliko kwenye jina la chuma: shafti iliyoongezwa unene kwa asilimia 10 hustahimili msokoto kwa asilimia 33 zaidi, mradi difu ina nafasi ya kuipokea. Mbele azitazame jointi zilizo ndani ya kona za usukani, kwa sababu hizo hukatika dereva anapokanyaga mafuta akiwa amekata usukani hadi mwisho; tabia ya mguu hapo huokoa zaidi kuliko chuma.

Lipo pia pingamizi la mfuko: vifaa ni ghali, na mchomeleaji yupo kona ya pili. Shafti iliyochomelewa ndiyo hatari kuu katika habari hii yote. Chuma chake kilitiwa ugumu kiwandani kwa joto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu huo pembeni mwa kiungo, na kiungo chenyewe kinakuwa mahali hasa ambapo ufa wa Wöhler hupenda kuanzia. Kwenye ekseli ya nyuma inayobeba uzito, kosa hilo linaweza kuishia na gurudumu likipita peke yake katikati ya watembea kwa miguu. Shafti ya kiwandani iliyotolewa nzima kwenye gari lililokufa, ikasafishwa na kukaguliwa kama ina kutu au mkwaruzo penye meno, ni salama kuliko iliyounganishwa, na pia kuliko mpya ya bandia isiyojulikana chuma chake.

Mpangilio wa matumizi basi unajieleza: kupunguza mzigo hakugharimu kitu, bushi ni za bei ndogo, shokapu na springi hufuata kwa pamoja, shafti huja mwisho, na kwa wachache. Shafti ikikatika hata hivyo, kipande kisitupwe. Uso wake una ushahidi. Chuma kilichosokoteka meno yakapinda kinasema palikuwa na pigo moja kubwa, na dereva ajiulize alikuwa akifanya nini. Uso ulio laini sehemu kubwa, wenye mistari iliyopinda kuelekea ukingo mmoja na sehemu ndogo tu iliyochanika upya, unasema ufa ulitambaa kwa miezi, na fundi atafute kilichokuwa kikiipiga shafti muda wote huo. Fundi anayekiangalia kipande hicho kabla ya kutaja bei ya shafti mpya ndiye wa kumwachia gari.